Mvua Zisizotimiza Miadi

Habari za mahindi ya Afrika Kusini haziwahusu wakulima peke yao, kwani nchi ile tambarare inayoanzia North West na Free State hata kufikia Mpumalanga ndiyo ghala ambamo mamilioni ya watu wa Afrika Kusini, na jirani zao wa Lesotho na Botswana, hupata riziki yao ya unga mweupe. Ada ya huko ni kupanda kuanzia Oktoba. Lakini mwaka 2015 ulikuwa mkavu kuliko mwaka wowote tangu hesabu za mvua za nchi nzima zianze mwaka 1904, na Januari iliyofuata bei ya tani moja ya mahindi meupe ikavuka randi 5,000 katika soko la papo hapo la Johannesburg. Tena mwaka 2024 mvua, baada ya kuanza vyema, zilikatika Februari, wakati ambapo mhindi haustahimili kiu, na jua kali likadhoofisha chavua kabla ya punje kutunga.

Wapo wasemao kwamba El Niño, ile hali ya joto la Bahari ya Pasifiki iletayo ukame wa namna hiyo, ni mgeni wa kale, na hilo ni sahihi. Walakini siku hizi mgeni huyo hufikia katika nyumba iliyokwisha kupata joto, na hapo ndipo penye taabu. Twawasihi basi wakuu wa Pretoria wasingoje ukame mwingine ndipo wamfikirie mkulima mdogo asiye na bima wala maji ya kumwagilia.