Nishani ya Kapteni, Jina la Sajini: Kusoma Maelezo ya Ushujaa Vitani



1. Utangulizi
Kila nishani kubwa ya vita huambatana na karatasi yake: maelezo mafupi ya nani alitenda nini, wapi na lini. Sisi walimu wa historia huonyesha nishani na kuisahau karatasi. Leo naomba tuisome moja, ile ya Msalaba wa Victoria aliotunukiwa Eric Wilson wa jeshi la Uingereza. Hoja yangu ni kwamba karatasi hiyo ni ushahidi, na ushahidi hupimwa.

2. Ofisa na kilima chake
Wilson alizaliwa mwaka 1912, akapata kamisheni mwaka 1933. Mwaka 1937 aliazimwa kwa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya, akatumikia Tanganyika. Vita Kuu ya Pili ilimkuta Somalia ya Waingereza, katika Kikosi cha Ngamia.

Agosti 1940 Waitaliano waliivamia nchi hiyo. Njia ya kwenda bandari ya Berbera ilipita kwenye mlango wa milima wa Tug Argan, na Kapteni Wilson aliongoza bombomu zilizolinda kilima kimojawapo. Wapigaji walikuwa Wasomali. Tarehe 11 adui alisogeza mizinga hadi yadi 700. Makombora mawili yakapenya matundu ya ngome na kulipukia ndani. Wilson aliumia bega la kulia na jicho la kushoto, bombomu zikang'oka kwenye miguu yake. Alizitengeneza, akazisimamisha, akaendelea kupiga. Majeraha hayakutibiwa, na malaria ikamkuta humo humo. Kilima kilitekwa tarehe 15, saa 11 jioni. Siku chache baadaye majeshi ya Waingereza yalipanda meli Berbera na kuondoka.

3. Makosa mawili ya karatasi
Nishani ilitangazwa Oktoba 1940. Maelezo yanamalizia kwa kusema kwamba Wilson aliuawa akipigana hadi mwisho. Kumbe alikuwa hai, mfungwa wa Waitaliano huko Eritrea, na habari za nishani yake alizipata kwa mfungwa mwenzake. Aliachiliwa mwaka 1941, akarudi kazini, na baadaye akapigana Burma pamoja na Keya. Alipostaafu jeshi alirejea Tanganyika kama ofisa wa utawala hadi 1961. Alifariki mwaka 2008, akiwa na miaka 96.

Kosa la pili ni la kunyamaza. Maelezo yanasema sajini wake wa Kisomali aliuawa kando yake. Cheo kipo, kabila lipo, jina halipo. Aliitwa Omar Kujoog.

Simpunguzii Wilson heshima hata chembe. Lakini bombomu haipigwi na mtu mmoja: yuko anayelenga, yuko anayelisha mkanda, wako wanaoleta risasi. Ukisema kapteni aliongoza vyema kwa siku tano, umekiri kwamba wapo waliokubali kuongozwa naye siku zote hizo, makombora yakiwaangukia. Ushujaa wao ndio uthibitisho wa uongozi wake.

4. Mapendekezo
Kwanza, mwanafunzi apewe maelezo yenyewe ya nishani, aulize: mwandishi aliyaona haya, au alisimuliwa? Karatasi ya Wilson yaonyesha kwamba hata kifo chaweza kuandikwa kimakosa.

Pili, apigie mstari kila mtu aliyetajwa kwa cheo au kabila tu, kisha amtafutie jina.

Tatu, tuanzie nyumbani. Medali za babu waliotumikia Keya bado zimo masandukuni, pamoja na vyeti na picha. Wajukuu waulizwe sasa, kabla majina hayajafuata wenyewe kaburini.

5. Hitimisho
Kosa la kwanza la karatasi ile lilisahihishwa kwa sababu kapteni alirudi akiwa hai. Sajini hakurudi. Kusahihisha la kwake kumebaki mikononi mwetu, nasi tunaweza kuanza darasani, kwa kuandika ubaoni majina yote mawili: Eric Wilson na Omar Kujoog.