Kidonda Kinachofichwa

Katika sura ya 1 ya Injili ya Marko mkoma anapiga magoti mbele ya Bwana. Hafichi maradhi yake. Naye Bwana anamgusa na kumtakasa.

Sisi wa Usambara tuna vidonda tunavyovificha. Baba huteremka na mboga kutoka Lushoto hadi Mombo, akaendelea mpaka Tanga au Dar es Salaam. Huko majaribu ni mengi. Nao wanaobaki nyumbani hawayakosi. Kidonda cha kwanza cha kaswende mara nyingi hakiumi, nacho hufunga chenyewe. Mtu hudhani amepona, kumbe ugonjwa umo mwilini. Humwambukiza mwenziwe, na mama mjamzito humwambukiza mtoto, hata aweza kufa kabla ya kuzaliwa. Hivyo aibu yetu humwangamiza asiye na hatia.

Kinga ya kwanza twaijua: usafi wa moyo kabla ya ndoa, na uaminifu ndani yake. Lakini aliyeanguka asikae gizani. Kaswende hutambuliwa kwa kupima damu, hutibiwa kwa sindano ya penisilini. Mume na mke watibiwe wote wawili. Akitibiwa mmoja, ataambukizwa tena.

Basi, akina baba, wasindikizeni wake zenu kliniki mimba ingali changa. Nasi mapadre na makatekista tusimnyoshee kidole anayekwenda kupimwa. Kitubio huponya roho. Mwili nao una tabibu wake. Mungu atujalie ujasiri wa yule mkoma. Amina.