Neno "Nimekubali" Katika Kununua Nyumba



Wazee wetu wa pwani walipokea kutoka sheria ya Kiislamu maneno mawili: ijabu na kabuli. Mmoja hutoa neno, mwenziwe hulipokea, na mauzo yakafungika. Jambo hili husikika jepesi mpaka mtu awe na nyumba ya kununua.

Tuitazame Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kaskazini ya Lilongwe. Mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa zama za Rais Kamuzu Banda. Tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi, na leo wanaishi humo watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, ambao Kiswahili huwakutanisha sokoni. Aliyejaliwa kupata nafasi ya kuhamia nchi nyingine huuza nyumba yake ya matofali kabla ya kuondoka. Anataja bei. Mnunuzi anataja ya kwake, chini kidogo. Muuzaji anakataa. Kesho yake mnunuzi anarudi: haya, naichukua kwa bei yako ya jana. Je, nyumba imekuwa yake?

La, haijawa. Sheria ya mikataba ambayo Malawi iliirithi kwa Waingereza hukumbuka shauri la Hyde na Wrench la mwaka 1840. Shamba lilitolewa kwa pauni 1,000. Mnunuzi akataka kwa 950, akakataliwa, ndipo akasema anaikubali 1,000. Mahakama iliamua kwamba kwa kutaja 950 alikwisha kuliua neno la kwanza, na hakuwa na uwezo wa kulifufua peke yake. Basi atakaye kupunguziwa bila kupoteza nafasi na aulize tu, "Hupunguzi?" Kuuliza si kukataa.

Tatizo kubwa zaidi ni kile kinachouzwa. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 katika mwaka 1987, lakini iliweka pingamizi katika ibara kadhaa, ikiwemo ya mali na ile ya uhuru wa kwenda upendako. Ardhi ya kambi si ya mkimbizi. Anachouza ni kuta, milango na paa, na anayedhani amenunua kiwanja amekubali kitu ambacho hakuna aliyempa. Kwa ardhi yenyewe, sheria ya Kiingereza tangu 1677 inadai mapatano ya maandishi yenye sahihi. Kwa kuta hailazimishi, lakini hapana budi kuandika. Muuzaji aliyepokea arubuni kwa watu wawili akisha kupanda ndege Lilongwe, atadaiwa wapi? Tena mahali patajwe sawasawa, maana kambini upo mtaa wa Kawale na mjini Lilongwe ipo Kawale nyingine.

Machi 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka kabla ya katikati ya Aprili, na mwezi Mei polisi wakaanza kuwakusanya. Mwenye duka Lilongwe aliyepewa majuma machache hivi, akaletewa robo ya thamani ya mali yake na kusema "nimekubali", amekubali nini? Hajapata hata nafasi ya kukataa bei ya kwanza. Sheria husema kukubali kuwe kwa hiari, lakini shuruti ambayo kwa kawaida hubatilisha mapatano ni ile itokayo kwa mwenziwe katika mapatano hayo. Amri ya serikali haihesabiwi kuwa shuruti ya mnunuzi. Kwa hiyo aliyelipa robo, maadamu hakumtisha mtu, analo duka lile kwa haki ya sheria, na aliyeliuza anatafuta chumba Dzaleka, ambako safari hii yeye ndiye mwenye haraka na muuzaji ndiye mwenye kutaja bei.