Subira na Kudumu Katika Zama za Misukosuko

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na aali zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Enyi Waislamu, nanyi mnaotusikiliza majumbani, tunajiusia sisi wenyewe na tunakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu.

Leo tunazungumza juu ya subira, neno ambalo watu wameliteremsha daraja. Ikitokea dhulma, mtu huambiwa, "Subiri," na linalokusudiwa ni anyamaze. Ikitokea fujo ya siasa, mwengine hujifungia nyumbani, akaacha kazi yake na darsa yake, akasema kwamba anasubiri. Suratul Asr, ambayo watoto wetu huihifadhi wangali wadogo sana, imeitaja subira pamoja na haki, na imewataka waumini wausiane kwa zote mbili. Basi aliyeishika subira akaiacha haki, ameshika nusu ya wasia.

Tutazame yaliyotokea Baghdad. Mwaka 218 Hijria, sawa na 833, Khalifa Al-Ma'mun alimwandikia liwali wake wa mji huo, akamwamuru awakusanye makadhi na wanavyuoni awaulize: Je, Qur'ani imeumbwa? Asiyekubali kuwa imeumbwa huondolewa katika kazi yake. Kisha mambo yakazidi, yakafika minyororo na viboko. Al-Ma'mun alikufa mwaka huo huo, lakini mtihani haukufa naye. Ukaendelea chini ya nduguye Al-Mu'tasim, kisha chini ya mwana wa huyu, Al-Wathiq. Habari za Imam Ahmad bin Hanbal, aliyefungwa na kupigwa viboko kwa jambo hili, ni mashuhuri. Wako pia wanavyuoni wakubwa walioitikia kwa ulimi kwa kuogopa, na sisi hatuwalaumu, kwani Mwenyezi Mungu amemsamehe anayelazimishwa hali moyo wake umetua juu ya imani. Ni rahisi kwetu tulioketi juu ya mikeka kuwahukumu walioonyeshwa upanga.

Lakini yuko mtu asiyetajwa sana, naye ana haki juu yetu sisi wa pwani hii tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi. Huyo ni Yusuf bin Yahya Al-Buwaiti wa Misri. Imam Shafi alipofariki mwaka 204 Hijria, sawa na 820, ndiye mwanafunzi aliyekaa mahali pake kusomesha. Katika siku za Al-Wathiq akachukuliwa kutoka Misri mpaka Baghdad, amefungwa minyororo. Akakataa kutamka alilotakiwa kulitamka, akatiwa gerezani, na humo ndimo alimofia mwaka 231 Hijria, sawa na 846.

Wenye kuandika habari zake wamesimulia kwamba kila Ijumaa, akiisikia adhana, hukoga, huvaa nguo zake, akatembea mpaka mlango wa gereza. Mlinzi humuuliza anakwenda wapi. Hujibu kuwa anamwitikia mwenye kuita kwa Mwenyezi Mungu. Mlinzi humrudisha. Naye humshuhudisha Mola wake kwamba ameitika na kwamba amezuiwa. Ijumaa ya pili hufanya vivyo hivyo.

Tuzingatieni, ndugu zetu. Aliujua mlango ule kuwa hautafunguliwa. Sharia nayo ilikwisha kumpa udhuru, kwani mfungwa aliyezuiliwa hana dhambi kwa kukosa Ijumaa. Lakini maji yalikuwa mkononi mwake, na nguo zilikuwa mkononi mwake, na hatua za kutoka chumbani mpaka mlangoni zilikuwa zake. Akayatimiza aliyoyaweza, na kilichobakia kikawa ni hesabu ya waliomzuia.

Tena kutoka gerezani alimwandikia mwenzake aliyebaki Misri, Rabi bin Sulaiman Al-Muradi. Mtu angedhani ataeleza uzito wa minyororo. Alimuusia awe na tabia njema kwa watu wa darsa yake na awavumilie wageni, yaani wanafunzi watokao mbali. Rabi akadumu juu ya darsa mpaka alipofariki mwaka 270 Hijria, karibu miaka 40 baada ya Al-Buwaiti. Na kitabu cha Al-Umm cha Imam Shafi kimetufikia kwa mapokezi yake.

Mwaka ule ule wa 231, Baghdad ilitokota. Ahmad bin Nasr Al-Khuzai alishikwa kwa shauri la kuuondoa utawala, akauawa. Na katika siku hizo za Al-Wathiq, wanavyuoni wa mji walimwendea Imam Ahmad wakitaka kuvunja utiifu. Akawazuia, akihofia damu za Waislamu, ingawa yeye mwenyewe alikuwa na makovu mgongoni na hakurudi nyuma hata neno moja katika itikadi yake. Wala hakumtukana Ahmad bin Nasr aliyeshika njia nyengine. Alimtaja kwa wema. Sisi leo tukikhitalifiana na mtu katika njia, twamwita msaliti kabla ya jua kuchwa.

Al-Wathiq alikufa mwaka 847, akaja Al-Mutawakkil, na mtihani ukaondolewa. Imam Ahmad alikwisha kumsamehe Al-Mu'tasim aliyempiga, na zawadi za khalifa mpya alizichukia. Hilo pia lataka subira, pengine zaidi ya viboko.

Basi zinapokuja siku za uchaguzi wenye magomvi, au za serikali kupinduliwa, mwalimu wa chuoni asiwaambie watoto wakae nyumbani mpaka mambo yatulie, ikiwa njia ina amani. Muuza duka asipandishe bei ya unga kwa sababu ya hofu za watu. Jirani wa chama chengine asalimiwe kama alivyosalimiwa jana. Na habari isiyothibitishwa isipitishwe, kwa mdomo wala kwa simu. Na mwenye neno la haki kwa mtawala alifikishe kwa ulimi safi, bila kuchoka, hata akirudishwa mlangoni.

Ewe Mola wetu, wako waja wako walioisikia adhana ya leo wakiwa nyuma ya milango iliyofungwa pasi na kosa. Ipokee Ijumaa yao kama walioihudhuria, uwalinde watoto wao, na uwafungulie. Amin.