Kupima Presha na Sukari Milimani Kwetu: Hesabu Inayobaki Baada ya Makabidhiano

(Maneno yaliyotolewa na mjumbe wa kamati ya fedha mbele ya wanachama waishio Dar es Salaam)



Nimepewa dakika kumi na tano. Mimi ni mhasibu, kwa hiyo nitazitumia zote na sitazidisha.

Mnajua tulipofika. Harambee ya mwaka huu inaelekezwa kwa wazee wetu wa milimani wenye presha na sukari, na hilo halina mpinzani. Kinachobishaniwa ni namna. Wako wanaotaka fedha yote inunue mashine nyingi iwezekanavyo, kila kitongoji kipate ya kwake, tukabidhi mbele ya diwani na picha zipigwe. Wengine, nami nimo, tunataka mashine chache pamoja na mfuko wa kuziendesha kwa miaka mitatu. Ubishi huu umechukua vikao viwili, na Wapare tunavyopenda kesi, ungeweza kuchukua vinne. Naomba tuumalize leo.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilisema watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawakujua. Hawajui kwa sababu presha haiumi. Mzee anapanda mlima na mzigo wa kuni, anapalilia tangawizi yake, hana hata kichwa kinachogonga. Halafu asubuhi moja mkono unakataa na mdomo unapinda. Humu ukumbini sidhani kama kuna ukoo ambao haujamuuguza mtu wa namna hiyo. Zahanati ipo na kipimo kipo, lakini ni mteremko na mpando, na masika njia ni utelezi mtupu. Mzee anakwenda siku anayoshikwa na homa tu, na presha yake hupimwa siku hiyo hiyo, akiwa anahema.

Kwa hiyo kusogeza kipimo karibu na nyumba ni jambo la maana. Lakini kipimo gani?

Wengi wetu tumekwisha kuwapelekea wazazi vile vya kufunga kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu ni vidogo na vinaingia kwenye begi. Vile havitabiriki: mkono ukikaa chini ya usawa wa moyo, namba inapanda, ukikaa juu, inashuka. Nafahamu familia iliyokodi gari usiku wa manane kushuka hadi Same kwa sababu ya namba ya kifaa kama hicho. Walipofika, mama akapumzishwa na kupimwa vizuri, akakutwa na 138 kwa 84. Gari lililipwa hata hivyo. Tununue vya kufunga juu ya kiwiko, vyenye mikanda ya ukubwa tofauti. Mkanda mdogo kwa mkono mnene unakupa presha ambayo mtu hana. Na anayepima afundishwe: mgonjwa akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono juu ya meza, asiongee, asiwe ametoka kunywa kahawa. Apimwe mara mbili. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, apimwe tena siku nyingine kabla ya kuambiwa ana ugonjwa. Namba za kutisha kama 180 kwa 110 hazisubiri siku nyingine, huyo anapelekwa kwa mganga.

Presha ndiyo sehemu rahisi. Betri zikiisha, unanunua betri. Sukari ndiyo inayokula fedha, na hapa naomba mnisikilize kwa makini.

Mashine ya sukari yenyewe ni bei ndogo, wakati mwingine muuzaji anaitoa karibu na bure. Faida yake iko kwenye vijiti. Kila kipimo kinatumia kijiti kimoja na sindano moja ya kutoboa kidole, na vyote viwili vinatupwa. Chukua wagonjwa 30 tu, kila mmoja apimwe mara mbili kwa wiki. Mtu mmoja ni vijiti 104 kwa mwaka. Watu 30 ni vijiti 3,120. Kikopo kina vijiti 50, kwa hiyo ni vikopo 63 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni vijiti 9,360. Sindano ni idadi hiyo hiyo, na haziazimwi, hata kati ya mume na mke. Ukiweka fedha yote kwenye mashine, utakabidhi mashine ishirini zenye kikopo kimoja kimoja, na kabla ya mwaka kwisha zitakuwa kabatini zimefunikwa kitambaa. Ninyi wenyewe mnaweza kunitajia vitu tulivyokwisha kukabidhi vikaishia kabatini. Sitavitaja.

Kisha vijiti vya aina moja haviingii kwenye mashine ya aina nyingine. Mmoja akileta mashine kutoka Dubai, mwingine kutoka Kariakoo, mwingine kutoka Ujerumani, tutakuwa na maghala matatu. Kwa hiyo aina iwe moja, ile ambayo vijiti vyake vinapatikana Same na Moshi, siyo Dar es Salaam peke yake. Vijiti vina tarehe ya mwisho na havipendi joto. Vingi hutakiwa kukaa chini ya nyuzi 30. Kule juu hilo si tatizo, lakini kwa ndugu zetu wa tambarare, upande wa Ndungu na Kisiwani, chumba cha bati mwezi wa pili kinaviharibu bila mtu kujua.

Mapendekezo yetu ni mashine nne za presha na nne za sukari, zikae mikononi mwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaotambuliwa na zahanati. Mganga mfawidhi akubali kwa maandishi kuwapokea wanaotumwa. Namba bila dawa ni kumtisha mzee tu. Anayepima sukari ajue pia upande wa pili: chini ya 3.9 mtu hapewi nasaha, anapewa chai ya sukari hapo hapo.

Kuna kijana wetu aliyependekeza mashine zinazotuma namba kwenye simu, ili sisi watoto tulioko mjini tuone presha ya baba papo hapo. Nampongeza, ni wazo la mtu anayewapenda wazazi. Tatizo langu ni kwamba nimekwisha kuona sukari ya mama wa watu imewekwa kwenye grupu la ukoo, kati ya tangazo la mchango wa harusi na picha za ubatizo, na mjukuu ameandika chini yake kwamba bibi aache ndizi. Mzee mmoja wa kwetu aliniambia hataki kupimwa kama gunia la tangawizi linalosubiri mnunuzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka habari za afya kwenye fungu la taarifa nyeti. Daftari liwe la mzee mwenyewe, likae nyumbani kwake, na yeye aamue nani ampigie simu amsomee.

Chama kitapokea jumla tu: wangapi wamepimwa, wangapi wametumwa zahanati, vijiti vingapi vimebaki. Hapo uhasibu unasaidia. Kikopo cha vijiti 50 lazima kiwe na mistari 50 kwenye kitabu cha mhudumu, ikiwemo ya vijiti vilivyoharibika.

Jambo la mwisho linaonekana dogo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwaka 2016 orodha ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele, miwani ilikuwemo. Mzee asiyeona namba kwenye kioo, wala maandishi ya paketi ya dawa, umemnunulia kipimo cha jirani. Tumeweka kwenye makisio jozi 60 za miwani ya kusomea, za nguvu tofauti. Ni fungu dogo kuliko yote kwenye karatasi mliyo nayo, na ningeomba lisiguswe hata mkikata mengine.

Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina, pale mlangoni. Safu ya kwanza ni mashine, ya pili ni vijiti, sindano na betri kwa miaka mitatu. Safu ya kwanza imekwisha kujaa nusu kabla sijasimama. Ya pili hadi sasa ina majina matano. Malipo kwa simu yanapokelewa, na ahadi za mafungu ya kila mwezi zinapokelewa pia.

 Nakaribisha maswali.