Tansio Ikipanda Wakati wa Mimba

Kila mara ukikuja ku CPN tunakufunga mashini ya tansio ku mukono, kisha tunaandika hesabu mbili ku fishe yako. Wamama wengi hawaulizi maana yake. Wengine, mimba ikifika miezi saba, wanaacha kuja: "Siumwi mahali, nitafanya nini kule?"

Tansio haiumi. Mama anaweza kutoka Kapata asubuhi, kuuza mihogo yake ku soko, kurudi kupika bukari, na tansio yake iko 150 ku 100, naye hajisikii kitu. Hesabu ya kwanza ikifika 140, ao ya pili 90, tunamwambia akae apumuzike, tunapima tena. Ikibaki pale, tunamufuata karibu. Ikifika 160 ao 110, harudi nyumbani, anaenda hopitali siku ile ile.

Na mukojo, juu ya nini tunauomba? Kuna ugonjwa unaoitwa pre-eklampsi, unaoingia kisha juma la 20 la mimba. Unaanzia ku kondo ya nyuma, ile inayolisha mutoto. Mishipa ya mama inaharibika, tansio inapanda, figo zinaachilia protini kupita mu mukojo. Mutoto naye anakosa chakula, anabaki mudogo. Kama ni mimba ya kwanza, ao ya mapacha, ao uko na sukari, ao tansio ilikushika mu mimba ya mbele, sema mapema, mbele ya juma la 20. Muganga anaweza kukuandikia aspirini kidogo ya kila siku. Usijinunulie mwenyewe. Na vidonge vya tansio vya mama mukwe, usivimeze! Kaptopril na enalapril vinaharibu figo za mutoto angali tumboni. Wenye mimba tunawapa metildopa ao nifedipini.

Wananiuliza sana juu ya chumvi. Makayabu, punguza, itafaa nyumba yote. Lakini nisikudanganye, kuacha chumvi hakuzuii ugonjwa huu.

Kwa ninyi munaosafisha mabwe ya wachimbaji, niseme neno. Mu 2016 wachunguzi waliandika kwamba ku Kinshasa wamama wenye pre-eklampsi walikutwa na metali nyingi mu mukojo, zaidi risasi, kupita wenzao. Hiyo haihakikishi kama metali ndiyo sababu. Hata hivi, vumbi ile si nzuri kwa mimba. Najua kazi nyingine haipatikani upesi; kama ndugu anaweza kukushikia nafasi miezi ile, mwachie.

Sasa sikilizeni vizuri. Kichwa kinauma sana na dawa haikitulizi. Macho yanaona nyota ao giza. Tumbo inauma juu, chini ya mbavu. Uso na mikono vinavimba gafula (miguu peke yake inavimba kwa wengi, usiogope mbio). Pumzi inakuwa fupi. Mutoto hachezi kama jana. Hata moja tu ya hizi, njoo, hata usiku. Usimeze dawa ya malaria siku tatu ukisema ni homa.

Ukikawia, inaweza kufika kifafa cha mimba. Mama anaanguka, anatetemeka, anauma ulimi. Hapo watu wanasema ni pepo, ao amelogwa, wanamupeleka chumba cha maombi siku mbili. Ndugu zangu, ombeni, lakini ombeni ndani ya motuka! Mulazeni kwa ubavu wa kushoto, musimutie kijiko kinywani wala maji, mukimbie. Ku hopitali kuna sindano ya sulfati ya manyeziamu. Ilijaribiwa kwa wamama karibu 10.000 wa inchi 33, na mu 2002 ikaonekana kwamba inapunguza kifafa zaidi ya nusu.

Sindano inatuliza tu. Ugonjwa unaanza kuisha wakati mutoto na kondo vimetoka, njo maana muganga anaweza kuomba mutoto azaliwe mbele ya wakati. Wababa, hapa munatusumbua. Munasema miezi haijafika, ao mama anajibu: "Bwana yangu iko ku mine, tumungoje." Zungumzeni tangu leo nani atakubali kama bwana hayuko, na nani ana motuka ao moto. Wa Mutshatsha na wa vijiji vya mbali, wekeni falanga ya safari mbele ya mwezi wa saba, na mukumbuke barabara ya wakati wa mvua.

Tena, mama akiisha kuzaa, hatujamaliza. Kifafa kinaweza kuja hata kisha kuzaa, zaidi mu siku za kwanza. Usikimbilie kutoka maternite juu ya sikukuu ya mutoto. Rudi kupimwa ile tarehe tunayokuandikia, na kichwa kikiuma sana ungali unanyonyesha, usingoje tarehe.