Kabla ya Kubisha Hodi



Tarehe 6 Aprili 2020 Serikali ya Kenya ilizuia watu kuingia Nairobi na kutoka, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Tarehe 7 Julai mwaka huo huo vizuizi hivyo vya safari vikaondolewa. Siku hiyo swali halikuwa tena la askari wa barabarani, bali la dhamiri ya kila mmoja wetu: je, niende nyumbani kuwaona wazazi?

Serikali ilifungua njia. Haikusema kwamba kila safari ni salama. Tulikwisha kujua kwamba mtu aweza kubeba virusi bila kukohoa wala kuwa na homa, na kwamba wazee ndio waliokuwa hatarini zaidi. Kijana aliyeshuka kwenye matatu akamkumbatia bibi yake hakuwa na nia mbaya. Lakini nia njema peke yake haimkingi bibi.

Kuwaheshimu wazazi ni amri. Wakati wa maradhi, heshima hiyo yaweza kuwa simu, fedha za dawa, au mazungumzo uani, kwa umbali na barakoa usoni. Wala tusimtelekeze mzee katika upweke kwa kisingizio cha kumlinda. Huo nao ni udhalimu.

Basi, ugonjwa mwingine ukizuka, tusingoje kuzuiwa na askari. Kabla ya kubisha hodi, kila mmoja na ajiulize: ninawapelekea nini walio ndani?

Amani iwe nanyi.